Waliopimwa na Fimbo

Sisi watoto wa Rumonge tulilelewa na Ziwa Tanganyika. Lilitupa ndagala, maji ya kufulia na mahali pa kuogelea. Lilitupa pia kichocho. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa majini, hupenya ngozi ya mtu, kisha hukua kuwa minyoo ndani ya mishipa ya tumbo. Mtoto huumwa tumbo, huharisha damu, ini huvimba. Nyumbani walisema tu, "Ni maji hayo."

Burundi ilianza mpango wa kukidhibiti miaka ya 1980. Mtafiti Mbelgiji Bruno Gryseels na wenzake Warundi walipima watu bonde la Rusizi na kwingineko. Halafu vita vya 1993 vikavuruga mengi.

Mwaka 2005 serikali ilifuta karo ya shule za msingi, madarasa yakafurika. Kwa hiyo mwaka 2007, Wizara ya Afya iliposhirikiana na watafiti wa Imperial College ya London, shule ndiyo ilikuwa mlango wa kuwafikia watoto. Walimu walipanga mistari, watoto wakaleta choo kidogo kwenye vikopo, wataalamu wakahesabu mayai ya minyoo kwa hadubini. Hesabu hiyo ndiyo ilionyesha wapi dawa ya praziquantel ipelekwe. Na idadi ya vidonge haikuhitaji mizani: mtoto alisimama kando ya fimbo yenye alama, urefu wake ukasema ameze vingapi.

Mimi nilisimama pale. Vidonge vilikuwa vikubwa, vichungu kweli. Lakini binamu yangu hakusimama. Hakuwa anasoma, alikuwa anasaidia wavuvi. Yeye aliyeshinda majini kutwa nzima ndiye aliyekosa, mimi niliyekaa kwenye benchi nikapata.

Siwalaumu waliokuja. Bila mwalimu na daftari lake la majina, wangeanzia wapi? Ila daftari la shule si orodha ya watoto wote. Tena kidonge huua minyoo, hakisafishi maji; wiki ijayo tulirudi kuoga palepale.

Tulikimbia mwaka 2015. Leo nafanya kazi na vijana hapa kambini, Kigoma. Wakija watu wa utafiti kuomba majina ya watoto, nawapa ya shule. Halafu nawaambia, ndugu zangu, twendeni pia kisimani na sokoni, kuna wengine huko.