Kwangwa: Gofu la Musoma lililosubiri wagonjwa kwa miaka 40

KWA zaidi ya miaka 40, jengo la hospitali katika kata ya Kwangwa, Manispaa ya Musoma, lilisimama bila kukamilika na bila kulaza mgonjwa hata mmoja. Ujenzi wake ulianza katika miaka ya 1970, ukakwama, na kizazi kizima cha wakazi wa Mara kikakua kikilitazama gofu hilo kana kwamba lilikuwa sehemu ya mandhari ya mji.

Jengo hilo leo linajulikana kama Hospitali ya Rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Kazi ilifufuliwa wakati wa Serikali ya Awamu ya Tano chini ya Rais John Magufuli, na Shirika la Nyumba la Taifa (NHC) likapewa jukumu la ujenzi. Hata hivyo, historia ya miaka ile ya ukimya bado ina mafunzo, hasa wakati huu ambapo vijana wa mijini katika nchi nyingi wamegeuza kuingia katika hospitali zilizotelekezwa kuwa burudani, wakibeba tochi na kamera kutafuta mizimu.

Hospitali iliyotelekezwa huvuta hofu kuliko nyumba nyingine yoyote iliyo tupu. Sababu yake ni nyepesi. Katika hospitali watu huzaliwa, huugua na kufa, na mahali palipoona vifo vingi huhesabiwa na jamii nyingi kuwa hapakosi wenyewe.

Mkoa wa Mara haukosi imani za namna hiyo. Butiama, alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922, upo msitu mdogo wa Muhunda, ambao kwa mapokeo ya Wazanaki ni makao ya mzimu wa ukoo. Imani hiyo imeulinda msitu dhidi ya shoka kwa vizazi vingi. Mzimu wa mapokeo, kwa hiyo, una heshima na kazi yake. Kinachosimuliwa kuhusu magofu ni kitu kingine kabisa, yaani kivuli kisicho na jina wala ukoo, kinachotisha tu.

Iwapo jambo hilo litapimwa kwa kipimo cha Kwangwa, linaleta swali gumu. Hakuna mgonjwa aliyefia ndani ya gofu lile, kwa kuwa hakuna aliyelazwa. Wagonjwa wa Mara waliohitaji huduma za ubingwa wa juu walipita kando yake, wakashika barabara ya Bunda na Lamadi kuelekea Hospitali ya Bugando jijini Mwanza, safari inayozidi kilomita 200 kutoka Musoma.

Umbali huo una maana kubwa katika tiba. Wataalamu wa afya ya uzazi hugawa ucheleweshaji unaoua akina mama wajawazito katika aina tatu. Wa kwanza ni kuchelewa kuamua kwenda hospitali, wa pili ni kuchelewa kufika, na wa tatu ni kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kupoteza maisha katika muda wa saa chache. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya akina mama katika kila vizazi hai 100,000 nchini, na ule wa mwaka 2022 ukaonyesha vimeshuka hadi 104.

Mahitaji ya Mara nayo hayakusubiri. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,743,830 mkoani humo, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 2,372,015. Ongezeko hilo ni la watu zaidi ya laki sita katika miaka kumi.

Hofu ya kale

Hofu ya hospitali katika ukanda wa Ziwa Victoria ina mizizi ya kihistoria. Mwanzoni mwa karne ya 20, ugonjwa wa malale ulipoangamiza maelfu ya watu kuzunguka ziwa hilo, utawala wa Wajerumani ulifungua kambi za wagonjwa, mojawapo ikiwa Shirati, ambayo leo imo katika wilaya ya Rorya.

Dawa iliyotumika wakati ule ilikuwa atoksili, yenye asili ya arseniki. Daktari Robert Koch aliijaribu kwa wagonjwa wa visiwa vya Sese, Uganda, mwaka 1906 na 1907, na ilibainika kuwa baadhi yao walipofuka kutokana nayo. Si ajabu basi kwamba wagonjwa wengi waliziogopa kambi na kuzitoroka. Mtu aliyeingia akiona na kutoka kipofu hakuhitaji hadithi ya jini ili aamini kuwa mahali pale pana balaa.

Magofu mengine

Kwangwa si peke yake. Jijini Tanga, katika eneo la Bombo kando ya Bahari ya Hindi, lipo jengo la hospitali la enzi za Wajerumani linalofahamika kama Cliff Block, ambalo kwa miaka mingi lilibaki gofu ilhali hospitali mpya ikiendelea kutoa huduma jirani yake.

Zanzibar, jengo maarufu la zahanati ya zamani katika Mji Mkongwe liliwekewa jiwe la msingi mwaka 1887 kwa gharama za tajiri Tharia Topan. Baadaye lilitumika kama zahanati, likachakaa, na hatimaye likakarabatiwa katika miaka ya 1990 na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni.

Nje ya Afrika, hospitali ya kifua kikuu ya Waverly Hills mjini Louisville, Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1910 na kufungwa mwaka 1961, sasa huingiza fedha kwa kuwatembeza usiku watu wanaotaka kuona mizuka. Karibu na Berlin, Ujerumani, majengo ya Beelitz yaliyoachwa na jeshi la Kisovieti katika miaka ya 1990 yalivuta wavamizi wengi, na baadaye sehemu yake ikawekewa daraja la juu ili wageni wayatazame bila kuingia ndani.

Sauti za usiku

Mengi yanayosikika katika gofu yana maelezo. Bati lililopata joto mchana hujikunja linapopoa usiku na kutoa milio inayofanana na nyayo. Ukumbi mtupu usio na pazia wala kitanda hurudisha mwangwi, na mtu akasikia sauti yake mwenyewe ikimjibu kutoka upande mwingine. Upepo wa ziwa ukipita katika tundu la dirisha hupiga mluzi. Bundi hupenda majengo marefu yasiyo na watu, na sauti yake kwa Waafrika wengi ni habari mbaya hata kabla ya kuonekana.

Hatari ya kweli ni nyingine. Kinyesi cha popo kinaweza kuwa na kuvu ambao, vumbi lake likivutwa, husababisha ugonjwa wa mapafu uitwao histoplasmosi. Msumari wenye kutu au kipande cha chuma kichafu huweza kuleta pepopunda. Ngazi zisizo na kingo na mashimo yaliyoachwa wazi kwa ajili ya lifti huua bila kubagua, na gizani hayaonekani. Nyoka nao hujificha katika vifusi.

Tukio la kutisha kuliko yote lilitokea mjini Goiânia, Brazil, mwezi Septemba mwaka 1987. Watu wawili waliingia katika jengo la kituo cha tiba ya mionzi kilichohama na kuchukua sehemu ya mashine iliyoachwa, wakidhani ni chuma chakavu cha kuuza. Ndani yake mlikuwa na unga wa siziamu-137. Unga huo uling'aa kwa rangi ya buluu gizani, na watu wakagawiana, wengine wakijipaka mwilini. Watu wanne walifariki dunia katika wiki chache, akiwamo mtoto wa kike wa miaka sita. Zaidi ya watu 112,000 walipimwa, na 249 wakabainika kuwa na mionzi mwilini au katika vitu vyao. Waliokwenda na tochi kutafuta mwanga wa ajabu katika jengo tupu wangeuona pale, nao ungewaua.

Sheria nayo haikukaa kimya. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inatambua kosa la kuingia kwa jinai katika mali ya mwingine, na gofu la serikali lina mwenyewe hata kama mlango wake umeng'oka.

Mwisho wa ukimya

Mwalimu Nyerere, ambaye jina lake limebandikwa katika hospitali ya Kwangwa, alifariki dunia Oktoba 14, 1999 katika Hospitali ya St Thomas jijini London, Uingereza, na kuzikwa Butiama. Alipolazwa huko ughaibuni, jengo ambalo ujenzi wake ulianza chini ya utawala wake bado lilikuwa gofu katika mji huo huo wa Musoma, ambako alisoma shule ya msingi Mwisenge.

Leo anayepita Kwangwa usiku huona taa zinawaka. Katika baadhi ya vyumba vilivyokaa tupu kwa miongo minne kuna sauti, nazo ni za watoto wachanga. Kwa familia ya Bunda au Butiama inayompeleka mama mwenye uchungu usiku wa manane, hiyo ndiyo sauti iliyokuwa ikingojwa tangu msingi ulipochimbwa.