Shingo upande

Anayekubali jambo shingo upande hajakataa, wala hajaridhika: miguu inakwenda mbele, uso umegeukia kando. Msemo huu unawaeleza barabara wahafidhina wengi wa Marekani mwaka 2016, Donald Trump alipopeperusha bendera ya chama cha Republican. Seneta Ted Cruz alizomewa kwenye mkutano mkuu wa chama, Cleveland, mwezi Julai, kwa kuwahimiza wapiga kura wafuate dhamiri zao bila kumuunga mkono mgombea. Septemba akatangaza kwamba atampigia Trump, na miongoni mwa sababu zake ni uteuzi wa majaji wa Mahakama ya Juu, ambako kiti cha Jaji Antonin Scalia kilikuwa wazi tangu Februari.

Wapo watakaouita huo unafiki. La, mnafiki huficha shaka yake, ilhali anayekubali shingo upande huionyesha. Wengine watasema kura haina shingo, sandukuni zote huhesabiwa sawa. Ni kweli, na ndiyo maana tunauhitaji msemo huu: hesabu humtaja mshindi, haisemi nani alipendwa na nani alivumiliwa. Tusiite kila kura mapenzi.