Kutoka fimbo hadi sanduku: asiyeona anavyoijua njia ndani ya jengo

Mtu asiyeona huizoea nyumba yake. Anajua ni hatua ngapi hadi mlangoni na kiti kiko wapi. Shida humwanza anapoingia jengo geni, kama hospitali au kituo cha treni. Humo hulazimika kusubiri mkono wa mtu. Hebu tuangalie shida hii ilivyopunguzwa kidogo kidogo.

Mwaka 1944, nchini Marekani, Richard Hoover aliwahudumia askari waliopofuka vitani katika hospitali ya jeshi ya Valley Forge. Fimbo za zamani zilikuwa fupi, za kuegemea. Yeye akawafundisha kutumia fimbo ndefu na nyepesi, ikipitishwa kushoto na kulia, ili ardhi ipimwe kabla mguu haujafika.

Hata hivyo, fimbo hueleza kilicho mbele tu. Haisemi njia inaelekea wapi. Mwaka 1965 Mjapani Seiichi Miyake alibuni vigae vyenye vinundu vinavyohisiwa kwa unyayo. Vilitandazwa mara ya kwanza tarehe 18 Machi 1967, barabarani karibu na shule ya wasioona mjini Okayama. Baadaye vikaingia vituo vya treni, ambako kukosea hatua moja ukingoni kunaweza kuua. Siku hizi vinundu humaanisha tahadhari, na mistari humaanisha endelea.

Kisha zikaja simu zinazoonyesha njia kwa setilaiti. Lakini mawimbi ya setilaiti hufifia ndani ya majengo. Ndipo Chieko Asakawa, mtaalamu wa IBM aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa na miaka 14, akashirikiana na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kutengeneza programu ya NavCog, iliyotangazwa mwaka 2015. Vifaa vidogo vya Bluetooth hufungwa ukutani, simu hupima mawimbi yake, na sauti humwambia mtu ageuke wapi.

Safarini, Asakawa aligundua kwamba akilisukuma sanduku lake mbele, ndilo hugonga kizuizi kwanza. Likazaliwa wazo la sanduku lenye kamera na mota, linalomwongoza mwenyewe.

Wazazi wenzetu, vifaa hivyo huenda visifike kwetu leo. Lakini tunaweza kuwafundisha watoto jambo moja: wasihamishe kiti bila kumjulisha babu asiyeona. Kwake, kiti hicho ni alama ya njia.