Kubinafsisha dashibodi

Dashibodi ya programu ya uchapaji ni skrini inayoonyesha kazi zinazosubiri, zinazochapwa na zilizokwama. Kila mtumiaji huipanga atakavyo: fundi wa mashine hutanguliza wino na karatasi, mhasibu ankara. Kitendo hicho baadhi ya tafsiri hukiita "kubinafsisha". Kimaumbo neno halina kosa, lakini Maramba, kama kwingineko Tanga, msikilizaji atakumbuka mashamba ya mkonge yaliyotoka mikononi mwa serikali miaka ya 1990. Tanzania, kubinafsisha ni kumpa mtu binafsi mali ya umma. Na anayehamisha safu ya ankara juu ya skrini hakununua chochote. "Kupangilia dashibodi" ndiyo kauli bora: fupi, na fundi hahitaji kamusi.