Kodi ya Mbele Kama Amana: Madai ya Mpangaji Didia

Didia, kata ya Wilaya ya Shinyanga kwenye barabara iendayo Tinde, mpangaji haombwi amana ya kufidia kitasa kilichovunjika au ukuta uliochafuka. Anaombwa kodi ya miezi mitatu, sita, pengine mwaka mzima, na anailipa kabla hajaingiza godoro. Hoja yangu ni kwamba kodi hiyo ya mbele, kwa miezi ambayo mpangaji hajaikalia, ndiyo amana ya huku kwetu, na inastahili kudaiwa kama amana.

Ukanda huu ni wa watu wanaohama. Habari za mwamba mpya Mwakitolyo au Geita zinatosha kumwondoa mchimbaji mdogo usiku mmoja. Hata ajira za migodi mikubwa zina mwisho: Buzwagi, Kahama, ilianza kuzalisha mwaka 2009 na mwaka 2021 uzalishaji ukakoma. Mtu wa uchumi wa namna hii akifungwa na kodi ya miezi sita, hatari yote ya kuhama amebebeshwa yeye.

Tuchukue chumba cha shilingi 30,000 kwa mwezi. Mpangaji analipa 180,000 kuanzia Januari, anahama Februari ikiisha. Aprili mosi mwenye nyumba anaingiza mpangaji mwingine. Wa kwanza akirudi kuuliza fedha zake anajibiwa, "Hela ya chumba hairudi, mama." Chumba kilikaa kitupu mwezi mmoja tu, lakini kuanzia Aprili hadi Juni kinalipiwa mara mbili. Hilo siwezi kuliita desturi. Ni kuchukua cha mtu.

Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mpangaji wa chumba anategemea zaidi mkataba wake. England na Wales, kuanzia Aprili 2007, amana ya mpangaji wa kawaida inapaswa kulindwa katika mpango unaotambuliwa na serikali. Sisi hatuna kitu kama hicho, ila hatuko mikono mitupu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inakubali makubaliano ya mdomo. Kifungu cha 73 kinampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya hasara aliyoipata, na kinataka zitazamwe pia njia alizokuwa nazo za kuipunguza. Mwenye nyumba aliyepata mpangaji mpya Aprili amepoteza 30,000 ya Machi. Iliyobaki, 90,000, hana hasara ya kuihalalisha.

Haki ya mwenye nyumba nayo ipo, na naiheshimu. Wengi ni wajane na wastaafu, na kodi imeshageuka bati na saruji kabla ya mwezi kuisha. Chumba kikikaa kitupu hadi Juni licha ya kutafutiwa mtu, mpangaji aliyeondoka kwa hiari yake hana dai la maana. Lakini mwenye nyumba akiwa ndiye aliyemfungia mlango au kumfukuza, miezi yote iliyobaki ni deni.

Mpangaji adai wapi? Hapa ndipo wengi wanapochoka. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliliacha Baraza la Kata na kazi ya kusuluhisha tu. Likishindwa, shauri la ardhi linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa 90,000, nauli na siku za kazi zitaimeza fedha yenyewe. Naona dai hili halipaswi kuitwa mgogoro wa ardhi. Katika shauri la Exim Bank dhidi ya Agro Impex la 2008, Mahakama Kuu ilielekeza kwamba mamlaka ya chombo yapimwe kwa maelezo ya madai na nafuu zinazoombwa. Anayedai fedha hagombei chumba wala haombi kurudishwa ndani. Ni deni la mkataba, na mahali pake ni Mahakama ya Mwanzo.

Wapo watakaotaka Sungusungu, jeshi la jadi lililoibuka ukanda huu mwanzoni mwa miaka ya 1980, limdai mwenye nyumba kwa njia zake. Kasi yake naielewa, lakini deni lililolipwa kwa hofu huzaa kesi nyingine.

Kinachokosekana mara nyingi ni ushahidi. Karatasi iliyochanwa kwenye daftari, imeandikwa "nimepokea 180,000 kodi ya chumba," haina tarehe wala shahidi, imekunjwa mara nne hadi wino umefifia kwenye mikunjo. Ujumbe wa simu wa malipo una nguvu kuliko hiyo, kwa kuwa una tarehe na jina la mpokeaji. Siku ya kuhama, ufunguo ukabidhiwe mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na iandikwe kwamba chumba ki wazi. Kisha mpangaji amwombe jirani wa chumba cha pili akumbuke jambo moja: siku atakapoona godoro la mtu mwingine likiingizwa mlango ule. Kuanzia siku hiyo ndipo hesabu ya marejesho inapoanza.