Mkwaju na Mkwaju wa Nyuma: Historia ya Alama Mbili katika Kompyuta

Mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili huujua mkwaju katika majina ya ngeli: A/WA, KI/VI. Hata hivyo, faili la kompyuta haliwezi kuitwa “KI/VI”, kwa kuwa mkwaju umekwisha kupewa kazi nyingine. Chanzo cha kazi hiyo ni historia, wala si mantiki.

Mfumo wa Unix, ulioanza mwaka 1969 katika maabara ya Bell nchini Marekani, uliutumia mkwaju kutenga saraka, yaani orodha za kuhifadhia mafaili. Machaguo ya amri yalitanguliwa na kistari. Kampuni ya DEC ilikuwa na desturi tofauti: mkwaju ulitangulia machaguo. MS-DOS ya mwaka 1981, ambayo haikuwa na saraka za ngazi kwa ngazi, ilifuata desturi hiyo ya pili. Kwa mfano, DIR /W huamuru orodha ionyeshwe kwa upana.

Toleo la 2.0 la mwaka 1983 lilipoleta saraka, mkwaju ulikuwa na mwenyewe tayari. Ili amri zilizozoeleka zisivurugike, ulichukuliwa mkwaju wa nyuma, kama katika C:\BARUA\MEI. Kiini cha mfumo kilizikubali alama zote mbili; kizuizi kilikuwa katika programu ya kusoma amri.

Uamuzi huo uliwagusa watu wa mbali. Mkwaju wa nyuma ni namba 92 katika msimbo wa ASCII. Nchini Japani namba hiyo ilikuwa ya alama ya yeni, na katika msimbo wa Kifaransa wa biti saba ilikuwa ya herufi ç. Mkazi wa Mugunga, mjini Goma, anayeandika kwa kibodi ya AZERTY ya Kifaransa huupata mkwaju wa kawaida kwa urahisi, lakini ule wa nyuma humdai abonyeze AltGr pamoja na kitufe cha 8.

Isimu hufundisha kwamba uhusiano wa ishara na maana yake ni wa nasibu. Historia hii yaonyesha kuwa nasibu ikizoeleka hugeuka sheria, hata kwa lugha ambazo hazikushirikishwa. Ritifaa ya “ng'ombe” ni sehemu ya tahajia ya Kiswahili. Katika mstari wa amri wa Unix hufungua nukuu, na kompyuta hubaki ikisubiri ifungwe. Wanaosanifu tahajia na istilahi za Kiswahili hawana budi kuwamo pale misimbo inapoamuliwa.