Niasini: vitamini ya mkate iliyogeuzwa dawa ya kutoa sumu

Haichukui nusu saa. Mtu akishameza miligramu mia kadhaa za niasini, uso na shingo vinaiva, masikio yanapata moto, ngozi inawasha na kuchomachoma hadi kifuani. Hali hiyo hudumu saa moja hivi, kisha inapoa. Kwa daktari, hayo ni maudhi ya kawaida ya dawa. Kwa wanaonadi tiba za kutoa sumu mwilini, wekundu huo ndio umekuwa mtaji wao tangu miaka ya 1950: tazama, sumu hiyo inatoka!

Niasini, yaani vitamini B3, ilipata jina lake zuri kwa haki kabisa. Mwaka 1735 daktari Gaspar Casal wa Asturias, kaskazini mwa Hispania, alieleza ugonjwa wa mafukara waliokuwa wakila mahindi karibu kila mlo. Ngozi ilibabuka kila palipopigwa na jua, tumbo likaharisha, akili ikavurugika, mwisho mgonjwa akafa. Waitaliano waliuita pelagra, na jina hilo ndilo lililobaki. Ugonjwa ulifuata mahindi kila yalikokwenda, isipokuwa kule yalikotoka. Watu wa Mexico walikuwa wakichemsha mahindi yao katika maji ya chokaa tangu zamani za kale, na chokaa hiyo huifungua niasini iliyofungwa ndani ya punje. Wazungu walichukua mbegu, mapishi wakayaacha.

Mwanzoni mwa karne ya 20 pelagra iliingia kwa kishindo majimbo ya kusini mwa Marekani, na inakadiriwa kwamba iliua watu wapatao 100,000 katika miongo isiyofika minne. Wataalamu wengi waliamini ni maambukizi. Mwaka 1914 serikali ilimtuma Joseph Goldberger, daktari mhamiaji aliyezaliwa katika himaya ya Austria na Hungaria, akachunguze. Jambo moja lilimshangaza: kwenye hifadhi za vichaa na nyumba za yatima waliugua wakazi tu, wauguzi wao hawakuugua. Maambukizi gani yanayobagua hivyo?

Mwaka uliofuata alikwenda gereza la shamba la Rankin, Mississippi. Gavana Earl Brewer aliahidi kuwasamehe wafungwa watakaojitolea kula chakula cha mafukara wa kusini: unga wa mahindi, wali, viazi vitamu, sharubati ya miwa, bila nyama wala maziwa. Kati ya 11 waliokaa hadi mwisho, 6 walipata dalili za pelagra. Wapinzani hawakuridhika. Basi Goldberger na wenzake wakajidunga damu ya wagonjwa, kisha wakameza vidonge vilivyotiwa magamba ya ngozi, mkojo na kinyesi cha wagonjwa hao. Mkewe, Mary, naye alidungwa damu. Hakuna aliyepata pelagra. Majaribio yale yasingepita mbele ya kamati yoyote ya maadili leo, lakini swali lilikuwa limejibiwa: kilichokosekana kilikuwa chakula.

Goldberger alifariki mwaka 1929 kabla ya kukijua kitu chenyewe. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem wa Chuo Kikuu cha Wisconsin aliwapa asidi nikotiniki mbwa wenye ndimi nyeusi, ugonjwa unaofanana na pelagra, wakapona. Kemikali ile ilikuwa imekaa kwenye chupa za maabara tangu karne ya 19, na Casimir Funk aliwahi kuitoa kwenye pumba za mchele akitafuta dawa ya beriberi, akaiweka kando. Katika miaka ya 1940 Wamarekani walianza kuitia kwenye unga wa mkate, kwa jina jipya la niasini ili wanunuzi wasidhani wanauziwa nikotini ya tumbaku.

Pelagra yenyewe haijawa ya kale. Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji zaidi ya 17,000 waliugua katika kambi za Malawi baada ya karanga kukatika kwenye mgao wao wa chakula. Karanga tu! Mwanamke mzima huhitaji miligramu 14 za niasini kwa siku, mwanamume 16. Kiasi hicho ndicho kilichowatenga na kaburi.

Hadithi ingeishia hapo kama watu wasingevuka kutoka miligramu kwenda gramu. Huko Saskatchewan, Kanada, Abram Hoffer na Humphry Osmond walianza mapema miaka ya 1950 kuwapa wagonjwa wa skizofrenia gramu kadhaa kwa siku. Mwaka 1973 jopo la chama cha madaktari wa akili cha Marekani lilipitia ushahidi na kuikataa tiba hiyo. Jambo moja lililosimama ni lile ambalo Rudolf Altschul, pamoja na Hoffer huyohuyo, waliliandika mwaka 1955: niasini nyingi hushusha lehemu katika damu. Kwa nusu karne ikawa dawa halali ya moyo, chini ya macho ya daktari, ini likipimwa kila mara. Hata heshima hiyo imepungua. Utafiti mkubwa wa watu zaidi ya 25,000, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba kuiongeza juu ya statini, dawa za kushusha lehemu, hakukupunguza mashambulizi ya moyo, bali kuliongeza kisukari, maambukizi na kutokwa damu.

Wazo la kutoa sumu lilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1957, dunia ikiogopa mabomu ya nyuklia, L. Ron Hubbard, mwanzilishi wa kundi la kidini la Scientology, alinadi mchanganyiko wa vitamini wenye niasini uliouzwa kwa jina la Dianazene. Alidai kwamba niasini huivuta nje mionzi iliyojificha mwilini, na kwamba wekundu ule ni kuungua kwa jua kwa zamani kunakotoka. Mwaka 1958 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikamata vidonge 21,000 kwa madai ya uongo juu ya ugonjwa wa mionzi. Hubbard hakuacha. Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliunda mpango wa utakaso: mbio, sauna hadi saa 5 kwa siku, mafuta ya kunywa, na niasini inayopandishwa ngazi kwa ngazi hadi kufikia miligramu 5,000. Vituo vya Narconon, vinavyofungamana na Scientology, vikautumia kwa waraibu wa dawa za kulevya. Mwaka 1991 bodi ya afya ya akili ya jimbo la Oklahoma ilikataa kukiidhinisha kituo chao cha Chilocco, ikisema mpango huo haukuthibitishwa kuwa salama wala kufaa.

Naomba msomaji autazame ujanja wenyewe, kwa sababu umewanasa hata wasomi. Niasini huamsha chembe za ngozi zitoe prostaglandini, na hizo hutanua mishipa midogo ya damu. Ndiyo maana aspirini, inayozuia prostaglandini, huupunguza wekundu. Mionzi gani inayoogopa aspirini? Isitoshe, nikotinamidi, ndugu wa niasini, hutibu pelagra vilevile bila kumwivisha mtu uso. Tena mwili huzoea: baada ya siku kadhaa za dozi ileile, wekundu hufifia wenyewe. Muuzaji humwambia mteja kwamba sumu imekwisha, kisha anampandishia dozi, uso unaiva tena, na hiyo inaitwa sumu iliyokuwa chini zaidi. Hapo hakuna matokeo yanayoweza kumkosoa. Nauita utapeli, hata pale anayeuza anapouamini mwenyewe.

Kutoka sauna, dhana hiyo ilishuka mitaani kwa vijana wanaoogopa kipimo cha mkojo. Mwaka 2007 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani kilitoa taarifa ya watu wa majimbo matano waliodhurika mwaka 2006 kwa kumeza niasini ili kuficha dawa za kulevya. Mwaka huohuo madaktari wa Philadelphia waliandika juu ya wagonjwa wanne, wawili wakiwa vijana wadogo: kutapika, moyo kwenda mbio, sukari kushuka, damu kujaa asidi, ini kuumia. Na hakuna ushahidi wowote kwamba niasini huondoa bangi au kokeini katika mkojo.

Kinachochusha ni kwamba anayetaka kusafisha mwili analiumiza ini, kiungo kinachofanya kazi hiyo usiku na mchana bila malipo. Vidonge vinavyoyeyuka polepole, vinavyosifiwa kwa kutowasha ngozi, ndivyo vibaya zaidi kwa ini: katika utafiti mmoja wa mwaka 1994, zaidi ya nusu ya waliovitumia waliumia ini, ilhali wa vidonge vya kawaida hakuumia hata mmoja. Kwa hiyo kabla ya kununua kopo la virutubisho, soma lebo: Marekani imeweka kikomo cha miligramu 35 kwa siku kwa mtu mzima asiye chini ya daktari, ilhali makopo ya vidonge vya miligramu 500 yanauzwa waziwazi. Na aliyekwisha kumeza vingi, akawa anatapika, moyo unamwenda mbio au macho yanageuka manjano, asisubiri nyumbani. Aende hospitali mara moja na amweleze daktari alichomeza na kiasi gani, hata kama alikimeza kwa ajili ya kipimo cha mkojo.